Usiokote Kitu Kule

Alikuwa haingii nyumba ya mtu bila kutazama dari kwanza. Unamkaribisha, unamsogezea kigoda, unamwamkia shikamoo, yeye kichwa kiko juu, macho yanatembea kwenye miti ya paa kutoka pembe hii hadi pembe ile. Nyumba zetu za wakati ule zilikuwa tembe, paa bapa la miti na udongo, na katikati ya miti hiyo panya walikuwa na njia zao. Akishamaliza kukagua ndipo anakuitikia marahaba, na wewe umeshasahau kama ulimwamkia. Watu walikereka sana. "Dari kwanza, salamu baadaye," ndivyo alivyosema, wala hakuomba radhi.

Kijijini kwetu, upande wa Ilongero, tulimwita Bwana Panya. Jina alilopewa na mama yake walilijua wazee wenzake; mimi sikuwahi kulitumia na sitaanza leo. Alikuwa mtu wa serikali, ile ya Mwingereza, upande wa afya, na kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kutafuta panya waliokufa. Walio hai hakuhangaika nao sana. Panya aliye hai atakula uwele wako, utamtukana, basi. Lakini panya ambaye hakupigwa wala hakutegwa, ameanguka tu kutoka darini na kulala chali katikati ya watu, huyo alitutoa mbio nje ya nyumba na chakula tukakiacha chunguni. Nyuma yake huja tauni.

Mimi sina kumbukumbu ya tauni yenyewe, nilikuwa mtoto wa mgongoni. Ila nililelewa na hofu yake kama wengine wanavyolelewa na bibi. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, mama alinipapasa kwapani na kwenye kinena akitafuta mitoki, yale mavimbe yanayokuja siku ya pili ya homa. Alinipapasa hivyo mpaka nilipoolewa. Nilipopata watoto nikawapapasa na mimi. Hata leo kichwa kikiniuma, mkono wangu unakwenda kwapani wenyewe, sijautuma.

Basi huyo mzee nilimwogopa, na nilimchukia, vyote viwili kwa pamoja. Na bado kilikuwapo kitu kimoja nilichokitaka kwake, ambacho ni yeye peke yake aliyekuwa nacho. Nilitaka anipeleke Kule.

Kule ndilo jina. Hakuna aliyepaita vingine. Ni mwendo wa asubuhi moja, nyuma ya majabali makubwa, mahali zilipokuwa nyumba mbili. Ya juu ilikuwa ya baba yangu. Ya chini, ng'ambo ya korongo dogo, ilikuwa ya mama mkubwa, dada yake mama. Tauni iliingia nyumba ya juu, ikamuua baba na ndugu zake wawili. Serikali ikaamuru nyumba ichomwe pamoja na vihenge vya nafaka na kila kilichokuwamo, na waliobaki hai watoke mikono mitupu waende kambi ya kutengwa. Mama akatoka hivyo, mimi mgongoni. Siku chache baadaye ikaingia nyumba ya chini. Akafa mama mkubwa, akafa mumewe, wakafa watoto wao wote watatu. Hakubaki wa kumfumba mwenzake macho.

Na ilivukaje korongo? Hilo kila mtu alilijua, kwa sababu Bwana Panya mwenyewe alilisema mbele ya daktari na mbele ya baraza la mtemi. Alisema alitoka nyumba ya juu, alikokuwa akishika mizoga, akaenda moja kwa moja nyumba ya chini bila kukung'uta suruali. "Viroboto walivuka kwenye pindo la suruali yangu," alisema. "Makosa ni yangu." Wakamvua kofia ya kazi, kazi yenyewe wakamwachia, maana nani mwingine angeitaka? Tangu siku hiyo alifunga miguu ya suruali kwa kamba ya mkonge pale juu ya kifundo, mguu huu na mguu huu. Harusini alikuja nazo. Msibani alikuja nazo. Wanawake kisimani wakimwona anapita walikuwa wanashusha macho kwenye vifundo vyake, halafu wanatazamana. Watu watano kwa ajili ya pindo la suruali! Mimi nilikuwa natema mate pembeni, na sikujificha.

Lakini alikuwa na mambo yake mengine yaliyonichanganya. Mtu wa panya, ungedhani angefuga paka. Hata! Paka aliwafukuza kwa mawe. "Atamla panya, halafu atakuja kukulalia mapajani na viroboto wote," alisema. Alinuka mafuta ya taa mchana kutwa, lakini hakuwasha taa nyumbani kwake. Jua likizama naye analala. Nyumba yake haikuwa na kitu ukutani wala kwenye paa, hata kibuyu kimoja. Hakuoa. Wamama walimtania zamani, kabla ya Kule, kwamba atamwoa panya jike. Baada ya Kule hakuna aliyemtania tena.

Na huyu mtu aliyesemwa vibaya na kijiji kizima, ndiye aliyekuwa anawapeleka wageni.

Sijui nani aliyeanza kuja. Nadhani ni Bwana Shauri mmoja, mkuu wa wilaya, na wageni wake waliotaka kuona "kijiji cha tauni", ingawa hapakuwa na kijiji, nyumba mbili tu. Baadaye wakazoea. Masista wa misheni. Wahindi wa dukani Singida na familia zao, wamebeba chapati kwenye masufuria. Wanafunzi wenye kaptula za kaki na mwalimu wao. Wazungu wa reli kutoka Manyoni, siku ya mapumziko yao, na kamera shingoni. Wakifika kijijini wanamuulizia yeye. Mimi tangu usichana wangu niliuza maziwa na mayai kwenye bangaloo ya serikali walikofikia wageni, basi niliwaona wote. Nilikuwa nawatazama, nashindwa kuelewa. Jamani, mtu anatoka kwake, anapanda gari, anameza vumbi la njia nzima, ili aje kusimama mahali watu walipofia! Wengine walirudi wamenyamaza. Wengine walirudi na hamu ya kula. Mzungu mmoja alirudi anacheka kwa sauti kubwa sana, na baadaye nilimkuta nyuma ya bangaloo anatapika.

Pesa Bwana Panya hakuchukua. Alikubali sabuni, au mafuta ya taa. Na alikuwa na masharti. Mtu anakanyaga alipokanyaga yeye. Anaonyesha kwa fimbo, wewe unasimama pale fimbo ilipoishia. Na kabla ya kuingia anageuka, anawatazama mmoja mmoja, anasema, "Usiokote kitu Kule." Mkalimani akitafsiri bila mkazo, anamrudisha aseme tena. Wakitoka, anawapandisha wote kwenye jabali moja pana lililochomwa na jua, anawavua viatu, anawakung'utisha nguo, anawaacha wanaungua miguu mpaka aridhike. Nimesikia kwa mpishi wa bangaloo kwamba Bwana Shauri mwenyewe aliwahi kuanikwa pale na soksi zake, anarukaruka, na mkewe anacheka.

Kule alikuwa anawaonyesha nyumba ya juu tu. Mabonge ya udongo ulioungua, mawe ya jiko, na handaki walimolazwa wafu na chokaa. Ng'ambo ya korongo hakuwavusha. Na siku zote alikuwapo mgeni wa kuuliza, "Na kule chini?" Naye siku zote alijibu kwa maneno yale yale, anainua mguu mmoja kidogo ili waione kamba: "Kule chini ni makosa yangu." Anawahadithia habari ya suruali. Watu wanamtazama vifundo, wanarudi nyuma hatua moja. Hapo ziara inakwisha.

Aliwapeleka wote hao. Mimi, ambaye baba yangu mzazi ndiye aliyelala kwenye lile handaki, alinikatalia.

Nilimwomba mara ya kwanza nikiwa msichana. Akatazama juu kana kwamba mawingu nayo yana panya. "Wewe hutakwenda," akasema.

"Kwa nini? Wahindi wanakwenda."

"Wewe ulishaenda."

"Nilikuwa mtoto mchanga!"

"Ulishaenda," akarudia, akaondoka.

Nilipoolewa nikamwomba tena, nikiwa na mume wangu, akamkatalia hata mume wangu. Mara ya tatu nikapanga kwenda mwenyewe. Nikafika mpaka kwenye lile jabali la kuanikia. Nikasimama pale. Upepo ulikuwa unapita katikati ya mawe na mimi nikahisi kitu kinanitambaa mguuni, nikakimbia. Nilikimbia mpaka nyumbani, mwanamke mzima, nikavua kaniki uani nikaitia kwenye maji ya moto. Hapakuwa na kitu mguuni. Lakini usiku ule sikulala, na mama aliponiona asubuhi, bila kuniuliza, alinyoosha mkono akanipapasa kwapa.

Mama naye alikuwa na lake kwa Bwana Panya. Hakumsema vibaya hata siku moja. Wengine wakimsengenya, yeye anainuka, anakwenda kuangalia mbuzi. Na mzee mwenyewe akikaribia uani kwetu, mama anaondoka kwa mlango wa nyuma. Nilifikiri ni uchungu wa dada yake. Nilijiambia, mama yangu ana heshima kuliko mimi, anaona afadhali aondoke kuliko kumrukia mtu.

Mara moja tu niliwaona wako chini ya paa moja. Tulikuwa tunakula, adhuhuri, na panya akaanguka. Akaanguka katikati yetu, pu! akalala chali. Sijui niliyasema maneno gani. Ninachokumbuka ni kwamba tulikuwa nje wote na mimi nimebeba watoto wawili wasio wangu. Jirani akakimbilia kwa Bwana Panya. Akaja na koleo lake na debe. Safari hii mama hakupata nafasi ya kuondoka. Akaingia naye ndani, mimi nachungulia mlangoni.

Mzee hakumtazama panya kwanza. Alitazama dari kama kawaida, halafu macho yake yakashuka yakasimama kwenye kibuyu cha mbegu cha mama, kilichoning'inia juu ya meko. Kwetu kila mwanamke ana kibuyu kimoja cha mbegu ya uwele, mbegu aliyoletewa na mama yake siku ya kuolewa, mdomo umezibwa kwa majivu na samadi. Kibuyu hicho hakiazimwi. Hakitoki nyumbani ila mwenyewe ametoka. Na kila mwanamke anachoma alama yake juu yake kwa chuma cha moto. Ya mama, aliyoichoma upya kwenye kibuyu alichopata baada ya kambi, ilikuwa pete tatu shingoni na chini yake unyayo wa kuku. Kijiji kizima kiliijua. Mzee alikitazama kibuyu kile muda mrefu. Mama akajisogeza polepole, akasimama mbele yake, akakikinga kwa mgongo.

Bwana Panya akainama, akamgeuza panya kwa koleo. Shingoni palikuwa na meno.

"Huyu ni wa paka," akasema. "Endeleeni kula."

Mama akakaa chini palepale. Nililia kwa furaha, nikamkumbatia jirani. Wao wawili hawakufurahi. Mzee alipopita karibu naye kutoka, mama alimwambia neno moja, taratibu, na mimi nililisikia: "Bado?" Naye akajibu, "Bado kipo." Nilidhani wanaongea habari ya kifo.

Kisa cha Bwana Panya kilichovuma kuliko vyote ni cha memsahibu. Huyu alikuwa mke wa bwana mmoja wa serikali, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, hodari, haogopi kitu. Alivuka korongo. Hakuomba ruhusa, aliruka tu. Walipogeuka alikuwa ameshafika nyumba ya chini, amepiga magoti mbele ya mawe mawili makubwa, anaingiza mkono kwenye ufa ulio katikati yake. Bwana Panya, mzee wa watu, aliruka korongo kama mbuzi. Alipiga kelele "Nyoka!" na fimbo ikamshukia memsahibu kwenye mkono.

Alimpiga mzungu! Mwanamke wa kizungu, tena mke wa bwana mkubwa! Mkalimani alituambia kwamba yeye mwenyewe alikaa chini palepale. Wakaingia kutafuta nyoka, Bwana Panya akajilaza kwenye ule ufa kwa kifua, anasema ni swila, ni mkali, ondokeni, ondokeni. Nyoka hakuonekana. Hakuna aliyemwona. Wakampeleka mzee Singida, akafungwa, akachapwa, na aliporudi alikuwa amekonda na anachechemea. Kesho yake wakaja wageni, akachukua fimbo akaongoza njia. Wakati ule tulisema amerukwa na akili. Mimi nilisema zaidi. Pale bangaloo nilimfundisha mpishi awaambie wageni, kabla hawajaondoka, wamuulize vizuri habari ya suruali, wamuulize mpaka aone haya. Nilikuwa na roho mbaya. Lazima niliseme.

Mama alipofariki, alifariki kwa kifua, kifo cha kitandani, watu wote wamemzunguka. Siku ya maziko Bwana Panya alikuja akasimama mbali, karibu na zizi. Uchungu ukanipanda. Mbele ya watu wote nikamwambia, "Umekuja kuhakikisha tumekwisha? Baba, mama mkubwa, watoto, na sasa huyu. Haya, hesabu!"

Wengine nadhani walipenda.

"Pole, mwanangu," akasema. Halafu akakaribia, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama aliacha neno lolote. Nikamjibu kwamba hata angeacha, lisingekuwa lake. Akatikisa kichwa kukubali. Niliona anarudi zizini peke yake na nikafurahi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa ile miaka ya mwisho mwisho, Mwingereza bado yupo lakini watu wameanza kuongea kwa sauti. Asubuhi mapema mtu akabisha hodi. Bwana Panya akaingia, akasimama katikati ya nyumba yangu, na hakutazama dari. Alitazama mbele tu. Moyo wangu ulishtuka kuliko siku ya yule panya. Ndipo nikaona kwamba macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo," nikasema, kwa mazoea.

"Marahaba. Chukua fimbo. Leo nakupeleka Kule."

Nilimtaka miaka yote hiyo anitamkie neno hilo, na alipolitamka nilitaka kumwambia nina kazi. Lakini nikavaa kaniki, nikatoka. Njia nzima aliweka mkono begani kwangu, na mkono ule ulikuwa mwepesi sana. Tulipopita jabali la kuanikia hatua zangu zilipungua, naye akahisi. "Ogopa," akaniambia. "Mimi naogopa kila siku. Tembea tu."

Nyumba ya juu aliifahamu kwa miguu. Akanisimamisha mwisho wa handaki, akainama, akapapasa majani, akanionyesha jiwe bapa jeupe ambalo halikuwa na wenzake. "Baba yako kichwa chake kiko hapa. Nililiweka siku ile ile." Nikapiga magoti, nikaliegemezea paji la uso. Lilikuwa la baridi. Nikaongea na baba yangu maneno machache ambayo ni yetu wawili.

Kisha akasema tuvuke korongo.

"Huko si huwa huvuki?"

"Leo tunavuka."

Akanipeleka hadi kwenye yale mawe mawili. "Ingiza mkono," akasema. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nyoka. "Hakuna nyoka, mwanangu. Hajawahi kuwapo."

Nikaingiza mkono mpaka begani. Vidole vikagusa kitu cha mviringo, laini. Nikakivuta taratibu. Kilikuwa kibuyu, kimezibwa mdomo, kimefunikwa vumbi. Nikapangusa kwa ncha ya kaniki. Shingoni pete tatu. Chini yake unyayo wa kuku.

Nilikaa chini. Nilikitikisa bila kukusudia na ndani kikalia, sauti ndogo, ya punje chache. Nikakiweka mbali nami haraka, nikajifuta mikono kwenye majani, nikaifuta tena na tena.

"Hiki kilikuwa nyumba ya juu," nikasema.

"Ndiyo."

"Kilichomwa. Kila kitu kilichomwa. Walitoka mikono mitupu."

"Mikono ilikuwa mitupu," akasema. "Nilikuwa mlangoni, mimi ndiye niliyekagua. Mama yako alikuwa amekubeba kwa nguo ya zamani, na chini yako palikuwa na kibuyu. Njia ya kambini inapita kwa dada yake. Akamkabidhi pale njiani, kibuyu na ile nguo, amtunzie mbegu mpaka atoke. Viroboto walikuwa kwenye nguo." Akapapasa jiwe la karibu. "Hakukusudia. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa njaa. Mwanamke gani angeacha mbegu ya mama yake iungue?"

"Wewe ulikiona pale mlangoni?"

"Nilikiona."

"Kwa nini hukukichukua?"

Akageuza uso wenye yale macho meupe akanielekea. "Ulikuwa umelala juu yake," akasema. "Ulikuwa umelia usiku kucha, ndiyo kwanza umelala."

Akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuongoza wageni. Alipoingia nyumba ya chini kutoa maiti alikikuta kibuyu juu ya meko. Akakificha ndani ya koti. Kingeonekana na daktari, mama angefungwa. Kingeonekana na wanakijiji, mama na mimi tusingefika jioni tukiwa hai. Kukichoma alijaribu, mkono ukakataa. Kukizika aliogopa mbwa na mafisi. Akakisukuma kwenye ufa. Kisha wageni wakaanza kuja, na wageni wanaokota. Ndipo akajitolea kuwa yeye wa kuwaongoza.

"Mama alijua?"

"Nilimwambia siku aliyotoka kambini. Alitaka kusema. Nikamwambia ana mtoto."

Nikakumbuka mate yangu. Nikakumbuka mpishi wa bangaloo, na zizi, na "haya, hesabu". Nilitaka kuomba msamaha. Nikamwita baba. Sikuwahi kumwita baba hapo kabla.

"Macho yamekwisha," akasema. "Sitaweza tena kuwaangalia mikono. Nimekuleta ujue kilipo. Utakachokifanya ni chako."

Ndipo tukasikia lori. Walikuwa wanafunzi, kama ishirini, na mwalimu wao kijana mwenye tai. Hawakutangulia kupitia kijijini. Njia walikuwa wanaijua. Nilifanya kitu bila kufikiri: nilikinyakua kibuyu, nikakitia mgongoni ndani ya kaniki, nikakaza. Tukavuka korongo kabla hawajafika. Kilikuwa kinanigusa uti wa mgongo kila nilipopumua.

Bwana Panya akasimama wima, akashika fimbo. "Usiokote kitu Kule," akawaambia. Akawaeleza habari za nyumba ya juu. Alikuwa anaonyesha pembeni kidogo ya mahali penyewe, na wanafunzi wakawa wanachekana kwa macho. Halafu binti mmoja akauliza, kama walivyouliza wote, "Na kule chini, babu?"

Moyo wangu ulipiga mpaka nikadhani kibuyu kinalia.

"Kule chini ni makosa yangu," akasema, akainua mguu. Lakini kamba ilikuwa imefunguka njiani, inaburuta mavumbini, naye hakuiona. Akawahadithia suruali. Wanafunzi wakarudi nyuma hatua moja. Mwalimu akawageukia, akasema, "Mmeona? Uzembe wa mtu mmoja, watu watano." Mvulana mmoja akatema mate pembeni, vile vile nilivyokuwa natema mimi.

"Na huyu mama?" yule binti akauliza. "Naye ni wa hapa?"

Nikafungua kinywa. Bwana Panya akanishika bega akalibana kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Huyu amekuja kunishika mkono tu," akawaambia. "Hajui kitu."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani, na mgongoni nilikuwa na mama yangu. Nikapiga magoti mbele ya Bwana Panya, nikaiokota kamba yake ya mkonge, nikaizungusha kwenye kifundo chake chembamba na kuifunga, fundo mara mbili, isije ikafunguka tena.